Nafasi ya Mama Kando ya Ziwa Kitangiri

Mama yangu alikuwa hataki kuzikwa Mandewa. Alilisema hilo huku akichambua mchicha, alilisema tukitoka kanisani, alilisema mbele ya wageni ambao hata chai walikuwa hawajaimaliza. Alitaka alazwe kando ya mama yake, kule kwenye kimji cha dhahabu pembeni ya Ziwa Kitangiri, alikozaliwa. Nikimwambia kwamba baba yuko hapa kwetu Mandewa, Singida, kaburi lake lina vigae na nafasi ya mwenzake ipo, ananijibu, "Baba yako nimelala naye miaka yote ile. Inatosha."

Sisi wanawe tulikuwa tunakataa, na mimi ndiye niliyekuwa nakataa kwa mdomo, maana wadogo zangu wako Dodoma na Mwanza na kazi yao ni kuitikia kwenye simu. Nani angekwenda huko kupalilia? Ni mimi. Nani angebembelezana na wale watu kila mwaka? Ni mimi huyu huyu, niache kinu changu cha alizeti na wateja wamepanga foleni. Na wale watu siwapendi, niseme wazi, sijaanza leo wala jana.

Mji wenyewe sitautaja, wenyewe watajijua. Wajerumani walichimba pale, wakaja Waingereza nao wakachimba, kila mtu akaondoka na chake, wenyeji wakaachiwa mashimo, vyuma vyenye kutu na maringo. Maringo ndiyo yaliyobaki mengi. Mtu wa pale hana choo cha maana, lakini atakusimulia jinsi babu yake alivyokuwa akitembea na dhahabu kwenye kiberiti. Majirani zao wa Misigiri, wanaolima alizeti na vitunguu vyao kimya kimya mpaka wamejaza bati kijiji kizima, wao wanawaita "wakulima", na neno lenyewe wanalitoa kama mtu anayetoa unywele mdomoni. Ukiwauliza wao wanafanya kazi gani, wanakuambia wanasubiri mwamba, ule wenye dhahabu. Ndiyo kazi hiyo. Wamezeeka wanasubiri mwamba.

Mmoja wao ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Bibi alipofariki, mjomba alikuwa bado ananyonya. Mama, ambaye mwenyewe alikuwa bado binti mdogo wa kuchezea udongo, ndiye aliyembeba mgongoni, akamsongea uji, akaenda naye shule na kufukuzwa naye shule. Kwa hiyo kwa mama, mjomba hakosei. Akishindwa kuja kwenye msiba, ana shughuli. Akija kwenye harusi mikono mitupu na kuondoka na kuku wawili, ana roho ya undugu. Nilishajifunza kufunga mdomo. Na kila mama alipompigia simu kumuuliza habari za kaburi la mama yao, mjomba alijibu kwa ile sauti yake nzito ya mwenyekiti, "Dada, kaburi lipo. Usiwe na wasiwasi."

Mwaka huu, baada ya mavuno, miguu ya mama ilimsumbua mpaka tukadhani ndiyo basi. Alipopata nafuu akasema sasa anataka kwenda kuiona nafasi yake kwa macho, na kaburi la mama yake lijengewe, maana ameona aibu kulala kwenye vigae tutakavyomwekea wakati mama yake yuko kwenye mchanga mtupu. Nikakubali upesi. Nilikuwa na yangu moyoni. Nilijua akiuona mji ule ulivyo, ataghairi mwenyewe, na mimi nitakuwa sijagombana na mtu.

Tukakodi gari la jirani, na dereva wake, mtu asiyependa maneno. Nyuma tukapakia saruji, na kibao cha marumaru tulichochongesha Singida Mjini, chenye jina la bibi. Mama akakaa mbele na thermosi ya chai mapajani, amejifunga kitenge kipya. Tangu tunatoka Mandewa hakusinzia hata kidogo. Tulipopita Misigiri na kuanza kuteremka, akanionyesha bonde lote lilivyotandaa chini, miti yake ya miiba, na mbali kule ziwa linang'aa. Nitasema ukweli, pale ni pazuri. Mungu alipaumba vizuri, kisha akawaweka wale.

Mjini tulipokelewa na lango la chuma lililoandikwa "Karibuni Mji wa Dhahabu". Herufi kadhaa zilikuwa zimeanguka, na mbuzi alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Kuna barabara moja yenye gesti, duka la vifaa vya uchimbaji, duka jingine la vifaa vya uchimbaji, na kibanda cha kuchajia simu ambacho mwenye nacho amechora ukutani tofali la dhahabu kubwa kuliko mlango. Na vumbi. Karasha za kusagia mawe zinanguruma kutwa, na kila kitu kimepakwa unga wa kijivu, hadi kuku. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye pikipiki wakatukodolea macho. Hawakusalimia. Mama yangu na mvi zile, wanamwangalia tu kama mzigo ulioshushwa. Kwetu ukimpita mzee bila shikamoo unarudishwa na watu wasiokujua. Pale nadhani wanasubiri mwamba ndipo waanze adabu.

Mjomba alitukuta kwenye gesti. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya fulana, na kofia, na amesimama kama mkuu wa wilaya anayepokea wageni.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia.

"Marahaba, mpwa wangu. Mmenenepa huko mjini."

Mama akamkumbatia, akamshika mashavu, akamuuliza kama anakula. Mtu mzima mwenye wajukuu, anaulizwa kama anakula, na yeye anainamisha kichwa anajibu anakula kidogo kidogo. Nikaangalia pembeni.

"Twende kwa mama," akasema mama.

"Tutakwenda, dada. Kwanza mle. Mtu hawezi kutoka safari akaenda makaburini na njaa."

Hilo lilikuwa na sababu, nikaliacha. Akatupeleka kwenye banda la makuti ukingoni mwa ziwa, ambako mama mmoja anakaanga perege na kambale. Na pale napo ni pazuri, sitadanganya. Maji yametulia, wale ndege wakubwa weupe wenye mifuko kwenye midomo wanaelea kama hawana haraka na maisha, na upande wa pili mawe makubwa yamepandana mpaka unajiuliza nani aliyapanga. Upepo unatoka ziwani safi kabisa. Nikafikiri, hawa watu wana samaki, wana maji, wana ardhi ambayo ukidondosha mbegu inaota, na wameyapa yote mgongo wanatazama kwenye mashimo. Hata meza za banda lile zilikuwa zimepangwa kuelekea barabarani, ili mtu asipitwe na lori.

Mjomba alikuja na mbia wake. Wanamiliki shimo pamoja, wao wanaliita duara, na ungewasikia wanavyolizungumzia ungedhani ni kampuni ya ndege. Huyu mbia alikuwa mtu wa domo. Alikula samaki wetu huku akitufundisha. Wiki ijayo wanagusa mwamba, akasema. Nikamuuliza mwaka jana walisemaje. Akaniambia mwaka jana maji yaliwaharibia.

"Lakini mji huu mama usiudharau," akaniambia, mafuta ya samaki yamemjaa midomoni. "Hapa dhahabu unaikanyaga. Wazungu hawakuwa na mitambo ya maana, walisaga mawe wakachukua ile ya juu juu, nyingine ikabaki kwenye mchanga. Sasa ule mchanga wao mweupe uliobaki, wazee wetu si walikuwa wanauzoa tu? Ni laini, hauoti majani. Wakapigia plasta, wakamwaga sakafuni, wakatandaza kanisani. Hawakujua wanatandaza mali. Sisi tumekuja kushtuka juzi."

"Mkafanyaje?" nikauliza.

"Tukaanza kuosha. Tulianza na sakafu. Tukaja kwenye kuta. Nyumba zote za zamani unazosikia, hazipo, tumezisaga. Uwanja wa mpira tulikwangua. Mchungaji alikuta uwanja wa kanisa umeshuka mpaka kuingia mlangoni kunahitaji ngazi." Akacheka mpaka akapaliwa.

Nikamtazama yule mtu na moyoni nikasema, jamani, binadamu anabomoa nyumba aliyozaliwa, anaisaga, anaiosha kwenye karai, kisha analala kwenye chumba cha kupanga, halafu anacheka. Kichaa cha Mirembe kina nafuu, kinatibiwa. Nikamuuliza mjomba nyumba ya babu iko wapi. Akasema ilikuwa imechoka. Nikamuuliza anakaa wapi sasa. Akasema amepanga nyuma ya gesti, kwa muda, wakati anajenga. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile saruji iliyokuwa kwenye gari tumeileta yote kwa ajili ya kaburi, maana kaburi moja halimalizi mifuko yote ile, na yeye msingi wake umesimama.

Mtu mzima ovyo. Nilitaka kumjibu, ndipo nikamwona mama. Alikuwa ameacha kula. Alikuwa ameshika kipande cha samaki, hakipeleki mdomoni wala hakirudishi kwenye sahani, anamwangalia mjomba. Kuna jambo alikuwa amelielewa ambalo mimi bado.

"Kaburi la mama lilikuwa na mchanga ule," akasema.

Mjomba akasema jua limekuwa kali, na kwamba kabla ya makaburini kuna mahali pa kutazamia ziwa, juu ya mawe, wageni kutoka mbali wanakuja kupiga picha, itakuwa vibaya dada aondoke bila kupaona.

"Baba aliubeba kwenye karai," mama akaendelea, kama hakumsikia. "Yeye na wenzake wa kazini. Kila kaburi la pale waliliwekea mchanga wa mgodi juu, lionekane. Mimi nililisawazisha kwa mkono, wewe uko mgongoni. Twende kwa mama."

Mbia akakumbuka ana mtu anamsubiri. Lakini hakwenda mbali, alitufuata kwa nyuma.

Tulitembea. Njiani mjomba alijitahidi kuongea. Akatuonyesha palipokuwa na ofisi ya wazungu, ni shimo. Akatuonyesha palipokuwa na bwalo, ni shimo. Mama alikuwa akitembea kwa fimbo na haongei, ameweka macho kwenye jiwe moja kubwa lililosimama peke yake, maana nyumba yao ilikuwa chini ya jiwe lile. Jiwe lenyewe lilikuwapo bado, nadhani kwa sababu halisagiki.

Alipolifikia akaliegemea, akageuka kuelekea ziwani. "Jiko lilikuwa hapa," akasema. "Mlango ulikuwa hapa. Mama alikuwa pale."

Pale palikuwa na bwawa. Walichimba, wakatandika turubai, wakajaza maji, wakaweka mbao za kuoshea mchanga zenye mazulia machafu juu yake. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Bomba la pampu lilikuwa limelala kando, na viatu vya mtu, na chupa. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na jiwe la alama. Mama alisimama akaangalia, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Yuko wapi?"

Mjomba akavua kofia. Akaanza kuikunja. "Dada, ilikuwa hivi. Watu walikuwa wanakwangua makaburi yote. Huwezi kulinda. Unaamka asubuhi unakuta kaburi limekuwa uwanja. Nikaona watu baki wasije kumchukulia mama mchanga wake, afadhali nichukue mimi mtoto wake."

Nimesikia upumbavu mwingi kwenye maisha yangu. Nauza mafuta, nasikia kila siku. Lakini ule ulizidi wote, kwa sababu aliusema kwa dhati. Alikuwa anajiona kwamba alimtendea mama yake jambo la heshima.

"Na chini?" mama akauliza.

"Chini sikugusa, dada. Ni mchanga wa juu tu. Lakini ukishaondoa tuta, mtu hajui tena. Eneo nikalikodisha, na huyu," akamwonyesha mbia, ambaye alikuwa anaangalia ndege, "alipochimba bwawa, mimi nilikuwa Nzega. Niliporudi maji yameshajaa. Huenda hakufika alipo. Sijui."

Hapo nikafoka. Nilimwambia mjomba yote niliyomwekea tangu nina akili, habari za kuku na za misiba, nikamwambia hana haya hana soni, kwamba mji wao mzima ni watu wanaokula nyumba zao na wazazi wao na hawashibi. Nilimwambia mbia naye afunge mdomo, ingawa hakuwa ameufungua. Sijutii hata neno moja.

"Nyamaza," mama akaniambia. "Huyu nimemlea mimi."

Nikanyamaza. Akamuuliza mjomba, taratibu kabisa, alipata nini siku ile.

"Kidogo sana, dada. Nilinunua mpira wa pampu."

"Uko wapi?"

"Ulishatoboka."

Mama akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari za mavuno. Akauliza mchanga wenyewe, baada ya kuoshwa, ulikwenda wapi. Mjomba akamwonyesha rundo nyuma ya bwawa, kubwa, la kijivu, ambalo ndilo lililokuwa nyumba ya babu na sakafu za majirani na kila walichokiosha pale. Mama akalizunguka bwawa peke yake, akakataa nimshike. Akafika kwenye rundo, akashuka polepole mpaka akakaa chini, kitenge kipya na vyote. Akaweka kiganja juu ya mchanga, akaupapasa, akausawazisha mahali padogo mbele yake. Nilijua anafanya nini. Mjomba naye alijua, maana aliinama akatazama miguu yake.

"Basi yumo humu," akasema mama. "Panatosha. Nikifa mnilete hapa hapa, mnifunike na huu. Hakuna haja ya vigae."

Nilikuwa tayari kukubali. Namshangaa mtu anayesema hakuna kitu kingenifanya niukubali mji ule, kwa sababu pale pale ningekubali, na kupalilia ningekuja, na wale vijana wasiosalimia ningewavumilia kila Pasaka.

Lakini mjomba alikuwa bado amesimama, na kofia imekuwa kama kitambaa mikononi.

"Dada," akasema, "rundo hilo limeshauzwa. Marudio yanauzwa. Kuna watu wana mtambo wa dawa, wanachukua hata mchanga uliooshwa mara mbili, huko dhahabu iliyobaki inatoka yote. Lori linakuja kuzoa wiki hii."

Karasha za mjini zilikuwa zinasikika hadi pale. Nilimtazama mbia, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hata yeye ana aibu, imemkaa vibaya kama nguo ya kuazima.

Mama alikaa kidogo, kisha akaninyooshea mkono nikamwinua. Akajikung'uta mchanga kwenye kitenge, akajikung'uta vidoleni, akahakikisha haondoki na hata punje. Nadhani mjomba aliliona hilo, maana ndipo alipoanza kulia, na analia vibaya, kwa kelele, kama mtoto. Mama akamwacha alie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama akimwacha mdogo wake alie.

Mjomba alipotulia akajifuta kwa ile kofia. "Basi, dada, kabla hamjaondoka tumwombee mama. Tusimame pamoja tumwombee."

"Tusimame," akasema mama. "Tuelekee wapi?"

Mjomba akaangalia bwawa. Akaangalia rundo.

Mama akanishika mkono, akanisogeza karibu, akaniambia kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini ili mbia asisikie, kwamba nikawaambie wadogo zangu atazikwa Mandewa, kwa baba.